Pipa la Katwe latosha

Kuna mwandishi anayedai kwamba asiye na jiko la moshi la kutoka ng'ambo asijisumbue kubanika nyama uani. Sikubaliani naye hata kidogo. Kinachoivisha nyama ni moto mdogo na hewa inayodhibitiwa, na hayo mafundi wa vyuma wa Katwe, Kampala, wanayaweza. Hukata pipa la mafuta, wakalitia bawaba, wavu na bomba la moshi. Kabla hujalipa, funga mfuniko: ukiona mwanga ukingoni, mrudishie fundi. Kataa wavu uliopakwa zinki, maana ukipata moto mkali hutoa mvuke wa sumu. Tangu amri ya 2023 dhidi ya biashara ya mkaa kaskazini mwa Uganda, mkaa si wa kuchezea, na jiko linalovuja huumaliza haraka: ni hasara. Pesa itakayobaki, nunulia nyama.