Mtoto Mtukutu na Hukumu ya Fimbo

Katika mji wa Tabora, kama katika miji mingi ya nchi yetu, mtoto asiyeweza kutulia darasani hana uhaba wa waganga. Mwalimu humwagizia fimbo. Jirani humshauri mama yake amnyime chakula cha jioni. Bibi huona kuwa apelekwe kwa mfumu akaaguliwe. Mjomba aliyesoma husema asumbuliwe na lolote, kwani atakua ataacha. Kila mmoja katika hao hutoa tiba yake kwa yakini kubwa, wala hakuna hata mmoja anayeulizwa swali ambalo kila tabibu hapaswi kulikimbia: wangapi uliowatibu hivyo wamepona? Makala haya yanauliza swali hilo, na yanaanza na tiba inayotumika kuliko zote, yaani fimbo.

Mtoto ninayemsema si kila mtoto mchezaji. Mchezo ni haki ya utoto, na mtoto asiyecheza ndiye wa kutiliwa shaka. Ninamsema yule ambaye makini yake hukatika kabla ya sentensi ya mwalimu kufika mwisho. Aliyetumwa chumvi akarudi mikono mitupu kwa kuwa amesahau alilotumwa. Anayejibu kabla ya kuulizwa, akainuka kabla ya kuruhusiwa, akavuka barabara kabla ya kutazama. Akiwa hivyo nyumbani na shuleni pia, kwa miezi sita au zaidi, tangu kabla ya kutimiza miaka 12, na hali hiyo ikawa inamharibia masomo na urafiki, madaktari huipa jina la upungufu wa makini na utukutu uliozidi, wakaifupisha kwa herufi nne, ADHD. Wataalamu waliokusanya tafiti za nchi nyingi hukadiria kuwa kiasi cha watoto 5 katika kila 100 wanayo.

Husemwa kuwa huo ni ugonjwa wa Wazungu, uliobuniwa ili kuuza vidonge. Neno hili lina utamu wa uzalendo, lakini halina ukweli. Tabibu Mjerumani Melchior Adam Weikard aliandika juu ya watu wenye upungufu wa makini mwaka 1775, na George Still akawaeleza watoto wa namna hiyo katika mihadhara yake mjini London mwaka 1902; wakati huo hapakuwa na kidonge cha kuuzwa. Wala Afrika haikusalimika. Nchini Uganda watafiti waliwafuatia watoto waliopona malaria ya ubongo, wakaona baada ya miaka miwili kwamba kiasi cha mmoja katika kila wanne alikuwa na upungufu katika fikra, kumbukumbu au makini. Mkoa wa Tabora haujawa mgeni kwa malaria. Basi huenda mtoto anayechapwa leo kwa kutosikiliza ni yule yule aliyelala wodini akiwa na miaka mitatu, akitetemeka kwa degedege, na wazazi wakimwomba Mungu asimchukue. Mungu alimrudisha, sisi tunamwadhibu kwa namna alivyorudi.

Watetezi wa fimbo wana methali yao, nayo ni nzuri: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Mimi siipingi methali. Napinga matumizi yake. Methali inamwonya mzazi asiache kumfunza mtoto kwa kuogopa machozi. Haisemi kuwa machozi ndiyo mafunzo. Fimbo hushughulika na nia. Humwambia mtoto: ulijua, uliweza, ukakataa, onja sasa ili kesho uchague vingine. Lakini kosa la mtoto huyu si la nia. Anajua kanuni kuliko wenzake, kwani amesomewa mara nyingi zaidi. Linalomshinda ni kuikumbuka saa ileile inayohitajika. Adhabu ya jana na kitisho cha kesho havimfikii katika dakika aliyomo. Kumpiga kwa kusahau ni sawa na kumpiga kiwete kwa kuchelewa: atalia, lakini hatawahi.

Hata sheria yetu haiifanyi fimbo kuwa tiba. Kanuni za mwaka 2002 zinairuhusu shuleni kama adhabu ya kosa zito, zisizidi nne, na kwa amri ya mwalimu mkuu. Kenya iliiondoa shuleni mwaka 2001. Inapotumika kila asubuhi kwa mtoto yuleyule kwa kosa lilelile, mwalimu mwenyewe ameshatoa ushahidi kuwa haifai. Dawa ambayo mgonjwa hupewa mara mia asipate nafuu, tabibu mwenye akili huiacha. Ni fimbo peke yake ambayo kushindwa kwake huhesabiwa kuwa sababu ya kuiongeza.

Hapa naombwa nitazame fahari ya mji. Naambiwa: Shule ya Tabora ilianzishwa mwaka 1922; humo alisoma Julius Nyerere kuanzia mwaka 1937; je, hao hawakulelewa kwa nidhamu kali? Walilelewa. Lakini shule ile ilianzishwa kwa ajili ya wana wa watemi, na baadaye ikapokea wachache waliochujwa kwa mitihani. Aliyeshindwa kutulia hakufika mlangoni. Anayeisifu fimbo kwa kuwahesabu waliofaulu chini yake anafanya hesabu ya mfanyabiashara wa Pwani, aliyehesabu waliofika Bagamoyo, asihesabu walioachwa njiani.

Na njia hiyo tunaijua, kwa kuwa inapita katikati ya historia yetu. Kutoka Bagamoyo ilipanda Mpwapwa, ikakata Ugogo, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapo ikaenda Ujiji. Mwaka 2006 serikali ya Tanzania iliiweka katika mapendekezo yake ya Urithi wa Dunia, pamoja na Kwihara, karibu na Tabora, alipokaa Livingstone. Katika karne ya 19 watu wa namna mbili waliikanyaga. Mmoja ni mpagazi Mnyamwezi, mtu huru, aliyechukua mzigo wa kiasi cha frasila mbili kwa ujira. Huyu alikuwa na sauti. Aliupima mzigo kabla ya kuutwika, aliukataa uliozidi, na akidhulumiwa aliutua akaenda zake. Wa pili ni mtumwa. Huyu hakuulizwa uzito wala nguvu. Aliyechelewa alipigwa, aliyeshindwa kabisa aliachwa porini au aliuawa. Sisemi kuwa msafara wa watu huru ulikuwa na huruma siku zote. Wagonjwa wake pia waliachwa. Nasema kuwa ndani yake palikuwa na kanuni moja tuliyoipoteza: ya kwamba mzigo hupimwa pamoja na mchukuzi wake. Mwalimu mwenye watoto themanini katika chumba kimoja hana nafasi ya kupima, na tangu ada ilipofutwa mwaka 2016 na madarasa kufurika, nafasi imezidi kuwa finyu. Simlaumu kwa wingi wa wanafunzi. Namlaumu anapouita msafara wa pili kwa jina la malezi.

Ikiwa fimbo si tiba, tiba ni ipi? Hapa natengana na rafiki zangu wengine, wanaodhani kuwa adui wa fimbo lazima awe rafiki wa kidonge.

Kidonge kina historia yake. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley wa Marekani aliwapa watoto 30 dawa ya kuchangamsha, akitafuta jambo jingine, yaani kuwatuliza maumivu ya kichwa. Akastaajabu kuona kiasi cha nusu yao wametulia katika masomo, na watoto wenyewe wakakiita kidonge cha hesabu. Methilifenideti ilitengenezwa Uswisi mwaka 1944 ikaanza kuuzwa miaka kumi baadaye. Haimlevyi mtoto wala haimlazi, kama wasemavyo wasioijua. Huongeza katika ubongo vile viini vinavyobeba habari za makini na hamu, na kipimo cha kawaida hudumu kiasi cha saa nne. Lakini hupunguza hamu ya chakula, huchelewesha usingizi, huweza kupunguza kasi ya kurefuka, na huongeza mapigo ya moyo. Katika nyumba yenye milo mitatu, hamu iliyopungua ni usumbufu. Katika nyumba ambayo mtoto hula mara moja kwa siku, ni hatari. Basi anayeandika dawa hii pasipo mizani ya kumpima mtoto uzito, ameandika nusu ya dawa.

Uchunguzi mkubwa wa Marekani na Kanada uliotangazwa mwaka 1999 uliwahusu watoto 579. Baada ya miezi 14, waliopewa dawa kwa uangalizi wa karibu walipungukiwa na dalili kuliko waliofunzwa tabia peke yake. Na waliopata vyote viwili walihitaji dawa kidogo zaidi. Lakini matokeo ya miaka mitatu, yaliyotolewa mwaka 2007, yalionyesha kuwa tofauti kati ya makundi imetoweka. Mpenzi wa vidonge husoma nusu ya kwanza ya habari hii, na mchukia vidonge husoma nusu ya pili. Mzazi mwenye busara husoma zote mbili, akafahamu kuwa dawa hufungua mlango, lakini haimvushi mtoto kizingiti.

Kwa hiyo nashauri uamuzi ufuate utaratibu. Kwanza, mtoto apimwe kabla hajahukumiwa: masikio, macho, damu, usingizi, na kifafa kile cha kuduwaa ambacho hakiangushi mtu. Utazamwe pia umri wake darasani. Huko British Columbia, Kanada, watafiti walipochunguza watoto zaidi ya laki tisa waliona mwaka 2012 kuwa wavulana waliozaliwa Desemba, ambao ndio wadogo kuliko wote darasani, walipewa jina la ugonjwa huu kwa asilimia 30 zaidi ya waliozaliwa Januari. Wengine, basi, hawana ugonjwa. Wana miezi michache pungufu.

Pili, wafundishwe wakubwa kabla ya kutibiwa mdogo. Amri moja kwa wakati mmoja. Sifa papo hapo kwa jambo dogo lililofanywa vema. Kiti cha mbele. Kazi ndefu ikatwe vipande. Na mtoto atumwe ubao, chaki na maji ili miili isiyotulia ipate kazi ya halali. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 6 hii ndiyo tiba ya kwanza kwa mujibu wa waganga wa watoto wa Marekani wenyewe, katika mwongozo wao wa mwaka 2019. Haigharimu dola. Inagharimu subira, ambayo ni ghali zaidi.

Tatu, aliyetimiza miaka 6, akafanyiwa hayo kwa uaminifu na bado anaangamia, apewe dawa kwa majaribio yenye mwisho, chini ya jicho la mtaalamu, na uzito wake na kimo chake vikiandikwa. Ikifaa iendelee, isipofaa ikome. Na mtoto aulizwe anavyojiona, kwani ni kichwa chake.

Kwa mzazi wa Tabora hatua hii ya tatu ndiyo ngumu. Mabingwa wa akili za watoto ni wachache, na Dar es Salaam iko kilomita 840 kwa reli. Mwaka 2019 na tena mwaka 2021 kamati ya Shirika la Afya Duniani ilikataa kuitia methilifenideti katika orodha ya dawa muhimu, ikitilia shaka ubora wa ushahidi. Nauheshimu ukali wa kamati katika kudai ushahidi. Natamani ukali huo ungehamishiwa kwenye fimbo, ambayo haijawahi kuletewa kamati yoyote, haina kipimo, haina mtu wa kuandika madhara yake, na haikosekani hata katika kijiji kisicho na zahanati.

Watasema wenzangu kuwa nchi yenye upungufu wa madawati haina haja ya mambo haya. Najibu kuwa hatua ya kwanza na ya pili hazingoji utajiri. Muuguzi anaweza kufundishwa kupima masikio. Chuo cha ualimu kinaweza kutenga somo la juma moja. Na baraza la shule linaweza kuamua leo kwamba mtoto aliyechapwa mara tatu kwa kosa moja, mara ya nne aitiwe mzazi na mganga, isiitwe fimbo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Haikuwaondoa watukutu.

Mtoto huyu hawezi kufanya alivyofanya mpagazi, akautua mzigo akaenda zake. Na akifanya hivyo tunamwita mtoro. Hana ujira wa kudai wala mwenzi wa kumsemea. Ni juu ya wakubwa kuupima mzigo wake kabla ya kumtwika, na asiyetaka kupima asijiite mlezi.