Ubao Ulioharibika

Mwezi huu twasema na wazazi na waalimu juu ya neno moja: kijana ajifunzaye kazi na aruhusiwe kuharibu.

Wengi wetu humwambia, "Kaa hapo, mtazame fundi." Naye hukaa akitazama mwezi baada ya mwezi. Lakini siku apewapo tezo, mkono wake hauujui mti. Macho yamefundishwa, mkono haukufundishwa.

Sikilizeni habari ya ziwa letu. Mwaka 1878 Bwana Alexander Mackay, fundi wa mitambo kutoka Scotland, alifika Kageye, si mbali na Mwanza, akaikuta mashua ya misheni, jina lake Daisy, imeharibika ufukoni. Akaitengeneza, kisha yeye na Bwana Wilson wakaabiri kwenda Buganda. Dhoruba ikawatupa katika ufuko wa magharibi, mashua ikavunjika. Karakana hapana, mbao mpya hapana. Basi wakakata futi 8 za katikati, wakaunganisha omo na tezi, na kwa mbao za kile kipande wakaziba palipovunjika. Kazi ilichukua majuma 8. Kisha Daisy, fupi kuliko kwanza, ikaelea tena, na mwezi wa Novemba wakafika Buganda.

Nasi tufanyeje? Mkimpeleka kijana kwa fundi wa mashua, ombeni apewe vipande vya mbao vilivyotupwa. Aunganishe viwili, atie kalafati ya pamba, avijaribu majini. Maji yakipenya, msimkemee, wala fundi asimtengenezee. Mwulizeni tu, "Maji yamepita wapi?" Afungue, atafute, afunge tena mwenyewe. Maji ni mwalimu asiyempendelea mtu.

Vivyo hivyo binti ajifunzaye kushona: apewe kitambaa kikuukuu, na mshono ukipinda aufumue kwa mkono wake.

Mtasema, "Mbao ni ghali." Ni kweli. Lakini ubao ulioharibika leo uani ni hasara ndogo. Mashua ivujayo kesho katikati ya ziwa ni roho za watu. Afadhali kijana akosee penye nchi kavu, karibu na mtu wa kumwonyesha.

Wazee walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Basi mwezi huu, kila nyumba imtafutie mtoto mmoja kipande kimoja cha kuharibu, na nafasi ya kukitengeneza.