Vitu vidogo si mchezo wa watoto

Wengine wanatuchekelea sisi tunaotengeneza motokari za waya: ati ni mambo ya watoto. Mimi nakataa.

Kule Marekani kulikuwa mama mmoja, Frances Glessner Lee, aliyezaliwa Chicago mwaka wa 1878. Katika miaka ya 1940 alitengeneza vyumba vidogo sana, kila kitu kimepunguzwa mara 12. Mtu wa metri 1,80 anakuwa wa santimetri 15 tu! Soksi za zile sanamu alizifuma na pini. Na ndani ya chumba mtu amekufa. Amejiua? Ameuawa? Ni ajali?

Njo wapolisi walikuja Harvard kuvisomea: kutazama polepole, toka pembeni mpaka katikati, mbele ya kutaja mwenye kosa. Vyumba 18 viko Baltimore, na majibu yangali siri, juu vinafundisha hata leo.

Kwetu mtu akikufa gafula, jina la mchawi linatajwa hata maiti haijazikwa. Mara nyingi ni bibi mzee fulani. Lakini ni nani aliyetazama kwanza kikombe cha marehemu, ao dawa zilizobaki chini ya kitanda?