Usiukaze Mkono Bila Sababu

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani, ukurasa huu umezoea kukuambia habari za kofia ngumu, viatu vya kazi na vumbi. Leo tuseme habari za kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Usicheke.

Hapa Maniema tunajua kuchonga. Wazee wa Kilega, upande wa Pangi, walichonga mbao na pembe za ndovu kwa ajili ya Bwami. Siku hizi kijana wako anaweza kuchonga ndani ya kompyuta, kwa programu kama Blender, ambayo haiuzwi. Mkono wa kulia unashika kalamu au kipanya, wa kushoto unakaa juu ya klavie. Akibana Shift, chombo kinalainisha. Akibana Ctrl, chombo kilichokuwa kinaongeza udongo kinaanza kuchimba. Huko si kugusa mara moja. Ni kushikilia, na kushikilia tena, saa baada ya saa.

Hatari iko hapo. Msuli uliokazwa bila kulegezwa hupata damu kidogo, nao huchoka upesi. Wewe uliyeshika mashine ya kutoboa mwamba unajua namna vidole vinavyokufa ganzi kabla ya zamu kwisha. Kidole kinachobana kitufe nacho huumia, ila hakitoi jasho, na kwa hiyo tunamwita kijana mvivu.

Daktari Bernardino Ramazzini wa Italia alitoa kitabu juu ya magonjwa ya kazi mwaka 1700. Sura ya kwanza ilihusu wachimbaji wa madini. Katika chapa ya mwaka 1713 aliongeza waandishi wa ofisini, ambao mkono wao ulichoshwa na kushika kalamu mchana kutwa. Yeye hakuona aibu kuwaweka katika kitabu kimoja. Kwa nini sisi tuone?

Maoni yangu ni haya: chombo kiufuate mkono. Mpini wa sururu ukiwa mrefu mno, tunaukata. Hatumwambii mtu arefushe mkono wake. Basi na vitufe vikatwe hivyo hivyo.

Tazama mfano. Klavie zetu nyingi ni za mpangilio wa Kifaransa, zinazoanza na A, Z, E. Katika klavie za Kiingereza, Z iko mstari wa chini, jirani ya Ctrl. Kwetu iko mstari wa juu. Kila mara kijana anapotaka kufuta kosa kwa Ctrl na Z, kiganja chake kinajipinda. Afanye nini?

1. Afungue mipangilio ya programu, ahamishie amri hiyo kwenye kitufe kilicho karibu, au kwenye kitufe cha pembeni cha kalamu ya kuchorea.

2. Abonyeze Shift mara 5 katika Windows, akubali vitufe vya kunata. Tangu hapo, kugusa Ctrl mara 2 kunaifunga, na kuigusa tena kunaifungua. Hakuna kushikilia.

3. Akiwa na uchimbaji mrefu, achague kupunguza au kulainisha kwenye skrini yenyewe, mkono wa kushoto ukae mapajani.

4. Apumzike. Kwetu Kindu mtu hukimbizana na umeme kabla haujakatika, akasahau kusimama. Umeme utarudi. Mkono huenda usirudi.

Wengine watasema kwamba kubadilisha vitufe ni anasa, kijana avumilie atazoea. Nasema hapana. Anayevumilia ganzi anazoea ugonjwa. Ganzi katika dole gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa inayomwamsha usiku, ni dalili ya mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kiwiko cha kiganja. Aende dispanseri mapema, kabla kikombe hakijaanza kumponyoka.

Baba, jioni hii mwulize mwanao kama vidole vyake vinamwuma, nawe mwambie ukweli juu ya vyako. Ukivunja nyundo, magazini itakupa nyingine. Mkono hautolewi magazini.