Judit Polgár hakuwa muujiza

Wapo wanaoamini kwamba sataranji ni mchezo wa akili za kiume. Watajie Judit Polgár, mwanamke aliyeingia kumi bora duniani, hawababaiki: "Ah, huyo ni mmoja tu, maajabu ya Mungu." Anayesema mwanamke hawezi, unaweza kumbishia kwa matokeo. Lakini huyu anayemwita aliyeweza muujiza amejikinga kabisa, maana hata ukimletea wa pili na wa tatu atawaita miujiza vilevile.

Basi tuutazame muujiza wenyewe ulivyotengenezwa. Huko Budapest, Hungaria, László Polgár na mkewe Klára, wote walimu, walipata mabinti watatu: Susan, Sofia na Judit. László alishikilia tangu kabla hawajazaliwa kwamba kipaji hulelewa, hakishuki kutoka mbinguni. Wakawasomesha nyumbani huku wakubwa wa serikali wakinuna, wakawakalisha mbele ya ubao tangu wadogo, saa baada ya saa, katika nyumba iliyosheheni vitabu vya sataranji. László alitia chumvi, kwa maoni yangu: watatu hao walilelewa kwa namna moja na bado Judit akawapita dada zake, kwa hiyo malezi si yote. Lakini ni muujiza gani huo unaotoka jasho kila siku?

Mwaka 1991, akiwa na miaka 15, Judit alipata hadhi ya grandmasta, ya juu kabisa katika sataranji, akiwa mdogo kuliko bingwa wa dunia wa zamani, Bobby Fischer, alivyokuwa alipoipata. Ni Fischer yuleyule aliyejigamba kwamba angeweza kumwachia mwanamke yeyote duniani farasi mzima na bado akamshinda. Mwaka 2002 mjini Moscow, Judit alimfunga Garry Kasparov, mchezaji namba moja duniani, ambaye naye alikuwa amewabeza wanawake hadharani. Mwaka 2005 akawa wa nane duniani, wanaume wakiwemo. Ubingwa wa dunia wa wanawake hakuugombea hata mara moja. Wengine huita hilo kiburi. Mimi naona alijua alichokitaka: mchezaji hukomaa kwa kupambana na waliomzidi.

Wanaopenda kuongelea maumbile huruka kisa cha Susan, dada mkubwa. Mwaka 1986 alifuzu kucheza mashindano ya awali ya kuwania ubingwa wa dunia wa wanaume, akazuiwa kwa kuwa ni msichana. Haikutosha. Shirikisho la dunia, FIDE, likaamua kuwaongezea wachezaji wa kike pointi 100 za viwango kila mmoja, isipokuwa Susan. Hoja yao ni kwamba yeye pointi zake alizichuma akicheza na wanaume, kwa hiyo wenzake walikuwa wamepunjwa. Akaondolewa kileleni mwa orodha ya wanawake kwa kalamu, bila kupoteza mchezo hata mmoja. Ukimfungia mtu mlango, usije kesho ukashangaa kwamba hakuingia.

Najua swali linalofuata: mbona kwenye kumi bora duniani alifika mwanamke mmoja tu? Hesabu kwanza walioanza. Kijiji kikipeleka wavulana mia mbioni na wasichana watano, mvulana akashika namba moja, hapo hujapima miguu ya mtu. Umepima nani aliruhusiwa kutoka nyumbani. Katika sataranji wasichana ni wachache tangu klabu za watoto, na wanaobaki husukumwa kwenye mashindano yao ya pembeni, yenye hadhi zake za pembeni na wapinzani walio dhaifu zaidi. Kisha tunalinganisha vilele na kuita tofauti hiyo ubongo.

Kasparov alikuja kukiri kwamba akina Polgár walimvunjia fikra zake za zamani. Si wote waliosikia. Mwaka 2015 grandmasta wa Uingereza, Nigel Short, aliandika kwamba bongo za wanaume na za wanawake zimeumbwa tofauti, kwa hiyo tuyakubali yalivyo. Judit alikuwa amemfunga mara nyingi kuliko yeye alivyomfunga Judit. Angetueleza basi ni umbo lipi la ubongo lililokuwa likishinda siku hizo.