TUANDIKWE, LAKINI TUULIZWE KWANZA

Ndugu wafanyakazi,

Mtu akilazwa juu ya meza ya kupasuliwa na kupewa dawa ya usingizi, hawezi kusema "naumia" wala "pumzi yaniishia." Vyombo ndivyo vinavyosema badala yake: mapigo ya moyo, presha ya damu, pumzi, na oksijeni iliyomo damuni. Hesabu hizo humsaidia daktari saa ile ile. Lakini siku hizi huwekwa pia katika kompyuta, ili wataalamu wazichunguze baadaye. Juu ya jambo hili twataka kusema wazi, maana wanaolazwa mezani ni sisi.

Wako wenzetu wasemao, "Nisiandikwe kabisa." Hatukubaliani nao. Katika miaka ya 1890, huko Boston, Marekani, wanafunzi wawili wa udaktari, Ernest Codman na Harvey Cushing, walianza kuandika mapigo ya moyo ya wagonjwa waliopewa etha, ili vifo vya dawa ile vipungue. Sisi wa reli twaelewa. Stesheni huandika saa ya kila treni ipitayo. Ajali ikitokea, kitabu hufunguliwa na kosa huonekana. Kisichoandikwa hakitengenezwi.

Tena tazameni hasara ya kuachwa nje ya kitabu. Kile kibanio cha kidoleni cha kupimia oksijeni, mwaka 2020 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba kwa wagonjwa weusi kilishindwa kuonyesha upungufu karibu mara 3 kuliko kwa wazungu. Chombo chasema hewa yatosha, kumbe mtu amepungukiwa! Tukikataa kuandikwa, vyombo vitaendelea kujaribiwa kwa ngozi za wengine. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Lakini na wale wasemao kwamba hakuna haja ya kutuuliza, hao pia twawapinga. Huko Seoul, Korea Kusini, hospitali ya chuo kikuu ilikusanya hesabu za operesheni 6,388 katika miaka ya 2016 na 2017, ikazifungua kwa wachunguzi wa dunia nzima. Hazina kubwa, hatukatai. Ila wagonjwa hawakutakiwa kutia sahihi, kwa kuwa majina yalifutwa. Kufuta jina si kuomba ruhusa. Mtu aliyelala kwa dawa hawezi kujitetea. Basi aulizwe akiwa macho. Katiba yetu ya 2010 yalinda siri za mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yahesabu habari za afya kuwa habari nyeti. Sheria isibaki kabatini.

Kwa hiyo twadai haya:

1. Mgonjwa aelezwe kwa lugha aijuayo, kabla ya sindano, si mlangoni mwa chumba cha operesheni. Akikataa, atibiwe sawasawa na aliyekubali.

2. Hesabu zake zisifike kwa mwajiri kamwe. Dereva aliyekwenda kutolewa uvimbe asirudi kazini akakuta ameachishwa kwa sababu ya mapigo ya moyo wake.

3. Faida irudi kwetu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018, wa wagonjwa 11,422 katika nchi 25 za Afrika, ulionyesha kwamba wanaokufa baada ya kupasuliwa ni karibu mara 2 ya kadiri ya dunia, na wengi wao hufa wamekwisha toka mezani. Hesabu imesema: wauguzi wa kuwaangalia wagonjwa wodini hawatoshi. Basi waajiriwe! Kuandika vifo vyetu kisha kufunga kitabu si elimu.

Ndugu, siku utakapopelekwa kupasuliwa, uliza: "Hesabu zangu zitakwenda wapi, na nani atazisoma?" Usione haya. Mwili ni wako, na jibu ni haki yako.