Piga *106# Kabla Hujalala

Shangazi yangu wa Kibosho ana vidole vilivyochuma kahawa na kushika jembe maisha yake yote. Mistari yake imelika. Mwaka 2019, nchi nzima ilipotakiwa kusajili laini upya kwa alama za vidole, alishuka Moshi mjini kwa hiace, akakaa kwenye stuli chini ya mwamvuli, karibu na stendi. Kijana akamshika kidole kwa adabu, akakifuta kwa kitambaa, akakibandika kwenye kifaa.

"Hakijasoma, bibi. Weka tena."

Akaweka. "Tena kidogo." Mara tano. Akaondoka na laini moja, akiwa amemnunulia kijana soda kwa kumsumbua.

Juzi nilipomtembelea nilichukua simu yake nikapiga *106#. Kwa namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA), kwenye mtandao ule mmoja tu, zilikuwapo laini tatu. Mbili hazijui. Aliniuliza swali ambalo bado linanisumbua: "Sasa huyo mimi mwingine anaongea na nani?"

Wengi wetu tukisikia habari hizi tunawaza matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii". Ni kweli, hao wapo, na wamewaliza wengi. Lakini naomba tuwaze mbali zaidi. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yaliua watu 11 Dar es Salaam na zaidi ya 200 Nairobi, siku moja. Tarehe 5 Mei 2013 bomu lilirushwa kwenye kanisa la Olasiti, Arusha, mwendo wa saa mbili tu kutoka hapa Moshi. Watu watatu wakafa na makumi wakajeruhiwa. Septemba mwaka huohuo ikawa shambulio la duka kubwa la Westgate, Nairobi, watu 67 wakauawa. Oktoba 2020 mahakama ya Nairobi ilipowatia hatiani watu wawili kwa kuwasaidia washambuliaji wa Westgate, mawasiliano yao ya simu yalikuwa sehemu ya ushahidi.

Ndivyo uchunguzi wa siku hizi unavyokwenda. Kwanza namba, kisha jina lililosajili namba, kisha jina hilo linafuatwa mpaka mgombani. Anayepanga uovu hatasajili laini kwa jina lake. Atatafuta laini iliyokwisha kusajiliwa, ya mtu asiyejua, na mtu huyo anaweza kuwa mzee wa miaka sabini wa Kibosho, Marangu au Mkuu Rombo. Siku mpelelezi akigonga mlango wake, saa ngapi zitapotea kabla haijajulikana kuwa si yeye? Na mhusika atakuwa amefika wapi?

Sisi tuko jirani na mpaka. Holili na Tarakea watu wanavuka kila siku kutafuta riziki. Nisieleweke kwamba namnyooshea kidole mfanyabiashara wa Taveta, wala kijana wa kanzu anayetoka msikitini. Majirani tukianza kuogopana, gaidi ameshapata alichokitaka bila hata kulipua kitu. Ninachokiomba ni kidogo, na kiko mkononi mwako.

Piga *106#, chagua kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama una laini za mitandao miwili au mitatu, piga kwa kila laini, maana kila mtandao unaonyesha zake. Ukikuta namba usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la huduma la mtandao huo ukaombe ifutwe. Usikubali kumsajilia mtu laini "kwa leo tu", hata awe rafiki wa kijiweni.

Nanyi vijana wa miamvuli, nawaheshimu, kazi yenu ni ya jua na vumbi. Najua vidole vya wazee wetu kweli havisomi kirahisi. Lakini kidole kikisoma mara ya kwanza, mwambie bibi kimesoma, mwache aende zake. Kuna wenzenu wanaouza laini za ziada kwa elfu chache; mkiwajua, semeni nao kabla polisi hawajasema nao.

Mnaopanda nyumbani Krismasi, mnaleta mchele, sukari na vitenge. Safari hii kaeni na mama au baba dakika tano, mshike simu yake, mpige naye. Shangazi yangu tulishuka naye dukani Jumatatu. Laini zote mbili zimefutwa.